Siku Niliyobebwa na Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana katika ukoo wa mume wangu hakuna sherehe inayopita bila mtu kunikumbusha, hata watoto waliozaliwa juzijuzi wanajua kwamba mimi, Sesilia, mwalimu mzima mwenye cheti, nilipanda mgongoni kwa baba mkwe wangu mchana kweupe, nikabebwa kutoka korongoni mpaka uani kwake, tena nimelaza shavu begani kwake nasinzia. Kwa watu wengine hilo ni la kucheka likaisha. Kwa Wanyakyusa (mimi ni Mhehe wa Iringa, huko nimeolewa tu) ni jambo la kuvunja ndoa, na ndoa yenyewe wakati huo ilikuwa haijafungwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli ndiyo inajengwa, kila kijana aliyekuwa na mikono alikuwa ama reli ama anataka kwenda reli. Mimi nilifundisha shule ya msingi pale Mbeya mjini na kupanga chumba mtaa wa Soweto, mjini hapo hapo. Mchumba wangu, Ambakisye, alikuwa kwenye ujenzi upande wa Makambako, tulionana mara moja kwa mwezi, siku nyingine tuliishia kuandikiana. Barua ya posa ilishafika kwetu na wajomba zangu waliijibu vizuri, kilichobaki ni wazee wa pande mbili kukutana Mbeya, nyumbani kwa shangazi yake, waseme neno la mwisho. Jumapili yenyewe ilishapangwa.

Shangazi huyo, Shangazi Atupele, ndiye aliyenifunda. Alinikalisha jikoni kwake jioni tatu mfululizo akanieleza kwamba kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe: hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja, na akimwona njiani anatoka pembeni, anachuchumaa majanini na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Na mzee naye ana kazi yake, anakohoa kabla ya kukata kona ili mkwe apate nafasi ya kukimbia. Nikamuuliza, sasa ananichukia kwa lipi?

"Hakuchukii," Shangazi akasema. "Heshima yetu ndiyo hiyo, kukimbiana."

Mimi moyoni niliumia, niseme ukweli. Baba yangu alifariki sijaota hata meno yote, sura yake siijui, na tangu nilipoanza kufikiria kuolewa nilikuwa najiambia kwamba walau kwa mume nitapata baba, tutakaa naye barazani, atanitania, nitampikia ugali wa ulezi. Kumbe baba niliyekuwa nakwenda kumpata ni kikohozi nyuma ya ukuta. Lakini Ambakisye nilimpenda, na mimi nikipewa somo nalisoma, kwa hiyo nilijifunza kukimbia kama watu wanavyojiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Nikamwandikia nikamuuliza baba yako yukoje, nimjue kwa mbali. Akajibu kwamba ni mrefu, mzee wa kanisa, ana koti jeusi na mwavuli mweusi, huwezi kumkosea. (Hakusema kwamba hayo ni mavazi ya Jumapili. Na mimi sikuuliza Jumamosi anavaa nini.)

Sasa wiki moja kabla ya wazee kukutana, mwalimu mwenzetu mmoja, Mwalimu Sanga, mfupi, mchangamfu, ana kamera aliyoletewa na kaka yake na alikuwa anatafuta popote pa kuitumia, akapanga tupande milima ya Rungwe tukaone korongo la mto, pale ambapo maji yote yanaingia kwenye ufa wa jiwe, yanapotea, halafu yanatokea chini zaidi kama vile hayakufanya kitu. Tulikuwa walimu sita. Shangazi aliposikia akaniambia nisiende upande ule kabla ya Jumapili ya wazee, kwani ndiko kwa kaka yake. Nikamjibu kwamba kwa kaka yake ni ng'ambo ya mto na sisi tutaishia upande huu, mlima wote ule, nitakutana naye vipi? Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikachukua kanga aliyonipa mwenyewe Shangazi, huenda ikahitajika, na nikaazima viatu vya raizoni vya jirani yangu, soli nene kama tofali, kwa sababu kulikuwa na habari ya kupigwa picha.

Tulishuka kwenye basi pale gulioni asubuhi, ukungu bado umekaa chini, migomba inaonekana nusu, ya juu yote imemezwa. Mahali pale, kwa mtu aliyezoea ukavu wa Iringa, unatembea unahisi bado hujaamka. Kila kitu kinadondosha maji polepole. Tulipita migomba, tukapita viazi na pareto, na kwenye shamba la mwisho kabla ya msitu tukamkuta mzee mmoja anakata mianzi, pekupeku, kaptura ya kaki iliyofifia, sweta limetoboka viwiko, gunia mabegani la kuzuia manyunyu. Tukamwamkia, ugonile, akatuitikia kwa kirefu, akauliza habari za mjini, za shule, za mvua, kisha Mwalimu Sanga akamwomba atuonyeshe njia. Akasema hana shida, mianzi ya ghala lake haina haraka. Jina hatukumuuliza, mtu mzima humuulizi jina njiani, sisi tukamwita Mzee, yeye akatuita Walimu, tukatembea.

Nilimpenda mzee yule tangu mwanzo, naomba mjue hilo. Alikuwa anatangulia bila kelele, akifika penye utelezi anasimama kando na kunyoosha fimbo ya mwanzi tushike, na kila tulipofika penye uwazi anatuachia nafasi ya kutazama, halafu haelezi kitu. Na korongo lenyewe nililiota miaka mingi baadaye. Unaanza kusikia mngurumo miguuni kabla ya masikioni, halafu msitu unakatika ghafla na mto uko chini kule, mweusi na mweupe, unajipenyeza kati ya kuta za mawe zilizoota majani mabichi mpaka juu, na mvuke unapanda unakulowesha uso, na jua likipenya kidogo mvuke wote unageuka rangi. Palikuwa na ndege sijui wa aina gani anapita katikati, anakwenda na kurudi. Tulikaa pale tukala mihogo na ndizi za kuchemsha, hata Mwalimu Sanga alisahau kamera. Nilijilaza kwenye jiwe nikawa nafikiria kwamba Ambakisye alikua akisikia sauti hii kila siku, na kwamba Mungu akipenda na watoto wangu wataisikia.

Mambo yaliharibika tukirudi. Njia ni nyembamba, mzee mbele na mimi nyuma kabisa kwa sababu ya viatu, nikainua macho, nikaona juu yetu, kwenye ukungu, anashuka mtu mrefu. Koti jeusi. Mwavuli mweusi.

Sikufikiri hata kidogo. Nilitoka njiani kama nilivyofundishwa, nikachuchumaa majanini, nikajitupia kanga kichwani, na pale nilipochuchumaa palikuwa na majani tu, chini yake hapana ardhi. Nikateleza na makalio mpaka bondeni, nikatua kwenye kinamasi cheusi, kiatu kimoja kikabaki humo (mpaka leo kimo), kifundo cha mguu kikateguka nikasikia mlio wake, uso wote ukajaa tope. Lakini somo nalikumbuka, kanga sikuitoa. Mwenye koti naye, binadamu wa watu, akasimama akauliza dada umepatwa na nini, mimi nikamwashiria kwa mkono kwamba apite, apite tu. Akadhani namwita. Akaanza kushuka. Basi kadiri alivyosogea ndivyo nilivyozidi kutambaa kwenye tope nikimpa mgongo, wenzangu juu wanatazama mwalimu mwenzao anamkimbia mtu kwa magoti, mpaka Mwalimu Sanga akapaza sauti kwamba Sesilia, huyu ni bwana mifugo, anakwenda kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

Bwana mifugo aliomba radhi, mimi nikaomba radhi, akaenda kwa ng'ombe wake. Ningetamani hadithi ikomee hapo.

Mguu ulikuwa haukanyagi. Mwalimu Sanga akajitolea kunibeba, akaenda hatua kama kumi tukaanguka wote wawili, na mimi si mwembamba. Ukungu ulikuwa unashuka, mvua inanukia, na basi la mwisho la mjini halisubiri mtu. Ndipo yule mzee akaweka panga lake na fimbo chini, akachuchumaa mbele yangu na kunipa mgongo, akasema kwake si mbali, ni kuvuka tu pale kwenye jiwe, mke wake anajua kukanda miguu.

Kuvuka. Ng'ambo. Niliwaza, sitawadanganya, ilinipitia kichwani kwamba ng'ambo ndiko kwenyewe, lakini nikatazama sweta lake lililotoboka na miguu yake mitupu, nikajiambia ng'ambo kuna kijiji kizima, na mimi ninayemwogopa ana koti. Nikapanda.

Mahali pale mto umepita chini ya jiwe na jiwe limebaki lenyewe kama daraja, pana, lenye nyasi juu. Mzee alitembea taratibu, hatua zake hazinitikisi, sweta linanuka moshi na ugoro na maziwa. Mngurumo chini yetu, ukungu pande zote, wenzangu nyuma nawasikia lakini siwaoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na, ukiacha zile hatua kumi za Mwalimu Sanga, sikumbuki kubebwa na mtu. Akaniuliza polepole, bila kugeuka, kwa nini nilikuwa namkimbia bwana mifugo. Na mimi, kwa maumivu au kwa usingizi au kwa ule wema wake, nikamweleza yote. Nikamwambia nimeposwa huku huku kwenu, na kijana anaitwa Ambakisye, yuko reli, na kwamba nilidhani yule mtu ni baba yake.

Akasimama. Tulikuwa katikati kabisa ya lile jiwe. Nikadhani amechoka, nikamwambia Mzee nishushe upumzike. 

"Hapa katikati hapana pa kukushushia," akasema.

Akaendelea kutembea, na hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Mimi sikugundua kwamba amenyamaza. Niliendelea kuongea peke yangu, nikamwambia kwamba sijui nitawezaje kuwa na baba ambaye hatanitazama, kwamba wa kwangu alikufa kabla sijajua sura yake, wenzangu wote shuleni walikuwa na hadithi za kubebwa na baba zao kutoka shambani na mimi sikuwahi kubebwa na baba hata mara moja.  Alinipandisha juu kidogo mgongoni, mikono yake ikanishika vizuri zaidi, akaongeza mwendo kwa sababu manyunyu yalianza. Nikalaza shavu begani. Nikasinzia.

Nilichoamkia ni sauti ya mwanamke, na sauti hiyo naijua.

"Sesilia! Unafanya nini mgongoni kwa kaka yangu?"

Nikafumbua macho. Ua mpana umefagiwa, wanawake wanne wanamenya ndizi, na katikati yao Shangazi Atupele, kisu mkononi, amekuja kutoka Mbeya kumwandaa kaka yake kwa Jumapili ya wazee, ameitambua kanga yake mwenyewe juu ya lile pande la tope. Wanawake wote wakaweka mikono kichwani. Na Mwalimu Sanga, ambaye hajui Kinyakyusa wala mila, anatokea nyuma yetu kwenye ukungu, anaona mzee amembeba mwalimu na akina mama wamesimama, anaona imependeza, anapiga picha.

Mzee alifumba macho. Akachuchumaa polepole mpaka miguu yangu ikagusa ardhi, akaniachia, akasimama, na bila kugeuza shingo hata kidogo akatembea moja kwa moja mbele, akapita katikati ya bustani ya mboga, akaruka uzio, mzee wa kanisa yule, akapotelea migombani. Kazi ya kukimbia ilikuwa yangu na yeye ndiye aliyeifanya, kwa sababu aliona mguu sina. Mimi nikatambaa mpaka kwenye banda la ndama nikaingia humo, nikagoma kutoka. Mama mkwe alinikandia mguu humo humo, ndama wawili wananilamba tope, nje nasikia Shangazi analia na kucheka kwa zamu.

Wiki ile sikula. Habari ilifika gulioni siku hiyo hiyo, na kabla ya Jumatano wanafunzi wangu walikuwa wanaijua, nikigeukia ubao nasikia minong'ono. Ambakisye alikuja kutoka Makambako, akakaa kwenye kigoda chumbani kwangu, akasema yeye ananitaka, lakini neno si lake, ni la wazee. Nikamuuliza wazee wakikataa? Akatazama chini. Alikuwa mtu wa kusema kweli.

Jumapili ikafika. Nilikuwa kwenye jiko la nje la Shangazi, nyuma ya ukuta wa sebule, na mjomba wangu aliyetoka Iringa yuko sebuleni peke yake na wazee watano wa kwao. Nilisikia kila kitu. Baba mdogo wa Ambakisye alizungumza muda mrefu, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionitisha. Alisema binti hana kosa, mgeni hana kosa, lakini jambo la namna hii hawajalisikia, mkwe kugusana na baba mkwe, na ya kwamba ni heri barua irudishwe kwa amani kabla watoto hawajazaliwa kwenye aibu. Mjomba wangu akajikohoza. Nikasikia kiti chake kinasogea, nikajua anatafuta kofia yake anyanyuke. Nilishika ukuta kwa mikono miwili.

Ndipo nikaisikia ile sauti, ya polepole. Alisema yeye hajui wanazungumzia nini. Alisema mlimani alikuta mwalimu ameumia, amejaa tope kichwani mpaka miguuni, na mtu aliyeumia hata Jumapili anabebwa.

"Sasa nioneni mimi," akasema. "Mnasema nimeonana na mkwe wangu. Nilimbeba mgongoni. Mgongo wangu una macho?"

 Halafu mtu mmoja akacheka, nadhani ni baba mdogo mwenyewe, akafuatia mwingine, na mjomba wangu, ambaye hacheki ovyo, akacheka mpaka akakohoa tena. Mzee akasema uso wa mkwe wake haujui, na hatarajii kuujua, na kama kuna mtu anaufahamu kupitia mgongo wake aje aeleze. Barua haikurudishwa. Tulifunga ndoa baada ya mavuno.

Nilijiapia mambo mawili baada ya hapo. La kwanza, nikimwona mtu njiani nasimama na kuuliza ni nani kabla ya kuruka popote. La pili halikutoka kwangu. Mwezi wa kwanza wa ndoa Ambakisye alikwenda kwao kusalimia, akarudi na mkungu wa ndizi na sura ya mtu aliyetumwa neno asilolielewa. Akasema baba hakumpa salamu za kawaida, alimfuata mpaka njiani, akasimama sana, halafu akamwagiza aniambie nisiseme tena, popote, kwa mtu yeyote, kwamba sikuwahi kubebwa na baba.

Mkungu ulikuwa bado mabegani kwake. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na yeye amesimama tu ananitazama, hajui kama alete maji au aite jirani.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikohoa kila kona, nami nilikimbia kila nilipomsikia, hatukuzungumza tena mpaka tulipomzika. Lakini lile neno nimelishika. Sijasema tena kwamba sikuwahi kubebwa na baba.